Darasa la Tatu, Mara Tatu

Darasa la tatu nililisoma mara tatu, na sikufeli hata mara moja. Watu nikiwaambia hivyo hucheka, wakidhani natania, kwa sababu wanavyojua wao mtoto anayerudia darasa ni mtoto aliyeshindwa. Mimi sikushindwa. Mtihani wa mwisho wa darasa hilo sikuufikia mpaka wenzangu nilioanza nao walikuwa washasahau kwamba kuna kitu kinaitwa darasa la tatu, na siku nilipoufikia nilikuwa nshazoea kuitwa jiwe.

Baba yangu alikuwa fundi wa mafriji. Kibanda chake kilikuwa Amani, upande wa nyuma wa uwanja wa mpira, na nyumba yetu haikuwa mbali na hapo. Mama alitoka kijiji kimoja cha pwani ya mashariki, mbele kidogo ya Bwejuu, akaja mjini kuolewa akiwa hajui mtu. Waliishi vizuri kwa kadiri ninavyokumbuka, mpaka walipoanza kuishi vibaya. Talaka ya kwanza walirejeana. Ya pili wakarejeana. Ya tatu baba aliitoa mchana, amesimama mlangoni na bisibisi mkononi, kwa sababu ya maneno ambayo mpaka leo kila mmoja anayaeleza kivyake, na hiyo haikuwa na marejeo. Mama alifunga nguo zake kwenye shuka. Baba alipomuuliza kama mtoto anabaki au anakwenda, mama alinishika mkono tu. Nilikuwa ndio kwanza nimerudi skuli, na nilifika shamba, kijijini kwao mama, siku ile na sare yangu mwilini.

Kule tulikaa kwa bibi, mama yake mama, ambaye alikuwa akilima mwani. Wiki ile ile mama alinipeleka skuli ya kijijini. Mwalimu mkuu alitupokea vizuri, akasema kinachotakiwa ni uhamisho kutoka skuli yangu ya mjini, na kwamba mzazi aliyeniandikisha ndiye wa kwenda kuutia saini. Aliyeniandikisha ni baba. Mama alimpelekea salamu kwa mtu. Baba akajibu kwa mtu huyo huyo kwamba anayetaka uhamisho aje mwenyewe auombe, tena aje kibandani, mbele ya wanaume. Mama akasema hatakwenda hata kwa kufa. Bibi alimwambia asiende kwa ajili yake, aende kwa ajili ya mtoto. Mama akasema mtoto ana baba, na kama baba yake anataka asisome, basi asisome, watu waone ni baba gani.

Nikawa nakaa darasa la tatu kama mgeni. Mwalimu alipoita majina asubuhi, wenzangu waliitika naam mmoja baada ya mmoja, na mimi nilikaa nimenyoosha mgongo nikisubiri, ingawa nilijua langu halimo. Nilisoma walichosoma wao. Niliandika walichoandika wao. Ulipofika mtihani, karatasi zilitolewa kwa majina, na mwalimu akaniambia nitoke nikacheze. Sikucheza. Nilikaa nje chini ya dirisha nikamsikiliza akiwasomea maswali ya imla, na kila neno aliloliita nililiandika kwa kidole mchangani. Mwaka mpya ulipoanza wenzangu walihamia chumba cha pili na mimi nikaambiwa nibaki pale pale mpaka baba yangu atakapopata akili.

Akili aliipata siku ya Iddi, lakini si ya aina ile. Alikuja na Vespa yake imeoshwa, ameniletea gauni la manjano na viatu vyenye kufunga, akamuomba bibi ruhusa anipeleke sikukuuni Mnazi Mmoja, na kesho yake asubuhi atanirudisha. Majirani walikuwa wamekaa nje na nguo zao mpya, wanatazama. Mama hakutaka kuonekana mbaya siku ya Iddi. Akaniambia nende nikafurahi.

Nilifurahi kweli. Baba alinipandisha kwenye pembea, akaninunulia barafu ya ukwaju na puto, akanishika mkono kwenye msongamano. Hajawahi kuwa baba kama siku ile, si kabla wala baada. Jua lilipoanza kushuka tulipanda Vespa kwenda Amani, na ndani ya nyumba yetu nikamkuta mwanamke nisiyemjua ameandaa chakula. Baba alimwambia, "Huyu ndiye," na mimi akaniambia nimuamkie. Nilisema shikamoo, akaitikia marahaba, akaniuliza kama nimechoka. Asubuhi nilivaa viatu vyangu nikakaa mlangoni kusubiri kurudishwa. Baba alinipita kwenda kazini. Alisema amesikia mama yangu ameposwa, na mwanawe hatalelewa na mwanamume mwengine.

Watu wanapenda hadithi za mama wa kambo, na mimi ningekuwa nayo ningeisimulia. Sinayo. Mwanamke yule alikuwa amesoma mpaka kidato cha nne, jambo ambalo baba alilitaja mbele ya wageni kama anavyotaja friji linaloshika barafu vizuri. Ni yeye aliyenipeleka skuli kuniandikisha upya. Huko walisema nimepotea karibu mwaka mzima, sina matokeo kutoka kokote, kwa hiyo nianze tena darasa la tatu. Aliwaomba wanipime wao wenyewe, waone niko wapi. Walisema madarasa yamejaa na hakuna wa kukaa kupima mtoto mmoja. Jioni alipomweleza baba, baba alinigeukia akacheka.

"Umeona mamako alivyokufanya?" alisema. "Wenzako wanakwenda mbele, wewe unarudi nyuma."

Kila siku baada ya chuo cha Kurani, mama wa kambo alikaa ukumbini na sinia la mchele, anachagua, na mimi nikikaa mbele yake nikimsomea. Nilimsomea kitabu cha skuli mpaka kikaisha. Kisha magazeti yaliyofungiwa vitu dukani, maneno ya kanga zake, maelezo kwenye vifurushi vya dawa. Nikikosea hakunikatiza, alingoja nifike mwisho wa sentensi ndipo aseme, "Rudia hapo pa kati." Baada ya miezi kadhaa hapakuwa na maandishi ya Kiswahili katika nyumba ile ambayo nisingeweza kuyasoma bila ya kusita. Nakumbuka nilivyokuwa nikijisikia. Nilijisikia kama mtu aliyepewa funguo.

Lakini nilianza kuona jambo jengine. Nikileta alama nzuri, baba hakuitazama karatasi. Aliiweka pembeni na bilauri juu yake. Nikileta mbaya, aliishika, akaisoma mstari kwa mstari, akaenda nayo kibandani. Siku moja nilimpelekea chakula nikamkuta anawaonyesha rafiki zake daftari langu la hesabu, na anaeleza kwamba ndivyo mtoto anavyoharibika akikaa na mama mjinga kwa muda mfupi tu. Wakatikisa vichwa. Mmoja akanipa peremende.

Kwa mama mambo yalikuwa hivyo hivyo, kwa upande wa pili. Baba aliniruhusu kwenda kwake wakati wa likizo, kwa kuwa watu wazima wa ukoo walimsema. Jambo la kwanza ambalo mama alilifanya nilipofika ni kufungua mkoba wangu. Alitafuta wino mwekundu. Alipouona aliitana na jirani. "Njoo uone, huko hakuna anayemtazama mwanangu. Si bora angebaki hapa?" Alipokuta ukurasa ambao nimepata zote, aliufunua haraka kama mtu anayepita nyumba asiyotaka kuamkiana nayo. Nilikuwa na miaka kumi, na nilikuwa nshaelewa kwamba nikifaulu namkosesha mmoja wao ushahidi, na nikifeli nawafurahisha wote wawili kwa zamu.

Posa ya mama ilivunjika, na mara baada ya hapo akamshitaki baba kwa kadhi, akidai malezi yangu.

Siku ya kesi baba alinipeleka kwa kadhi kwa Vespa, na mama wa kambo akaja kwa miguu yake. Alikuwa amenisuka nywele usiku uliopita na amenivisha sare iliyopigwa pasi. Mama alikuja na bibi kutoka shamba. Tulipokuwa tukisubiri kuitwa, mama alimuomba baba ruhusa ya kunipeleka nikanawe uso, na baba, kwa kuwa palikuwa na watu, hakukataa. Kwenye mfereji uliokuwa nyuma ya jengo mama alinawisha uso wangu kwa kiganja chake, polepole, na akaniuliza kama nataka kurudi kwake. Nilisema nataka. Ni kweli nilitaka. Nilimpenda mama kwa namna ambayo siwezi kuieleza sasa.

"Basi sikiliza," aliniambia. "Babako atasema mbele ya kadhi kwamba kwake unasoma na kwangu husomi. Watakupa kitabu. Ukisoma, utabaki kwake mpaka uolewe. Ukitaka kwangu, usijue."

Nilimuuliza nisijue kiasi gani.

"Usijue kabisa," alisema, akanifuta uso kwa upindo wa kanga.

Kadhi alikuwa mtu mpole mwenye miwani. Aliniita mwanangu, akaniuliza nimekula nini asubuhi na nasoma darasa la ngapi. Baba alizungumza kwanza, akasema mengi kuhusu elimu. Alisema mtoto alipokuwa shamba alipotezewa mwaka, na kwamba tangu amchukue anasoma kama maji. Mama akasema, kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kumsikia nayo, kwamba yeye ni mtu asiyesoma, hawezi kubishana na msomi, lakini mtoto yupo, na aulizwe mtoto. Kadhi akafungua kitabu cha Kiswahili cha darasa la pili, makusudi nadhani, ili asinitie hofu, akanisogezea.

Kilikuwa ni kisa cha kuku aliyetaga mayai kwa jirani. Nilikisoma chote kwa mara moja, kwa macho, kabla kidole cha kadhi hakijafika kwenye neno la kwanza. Nilijua kuku atarudishwa na mayai yataliwa.

"Soma, mwanangu. Usiogope."

Nilisema ku. Nikanyamaza. Nikasema ku tena. Kadhi alinisaidia, akalitamka neno lote, akanionyesha la pili. Nilimtazama mama, alikuwa ameinamisha uso. Nikasema sijui. Akageuza ukurasa penye picha na maneno machache zaidi, na hapo pia nikasema sijui. Kutojua kusoma mbele ya neno unalolijua ni kazi ngumu, kwa sababu macho hayasubiri amri, yanasoma tu. Ilinibidi niyalegeze macho mpaka herufi zikawa ukungu. Kadhi alikifunga kitabu taratibu. Baba alisimama akasema mtoto ametishwa. Kadhi akamuuliza ametishwa na nani, na ni yeye aliyenileta.

Mama wa kambo alikuwa kwenye benchi la barazani. Baba alikuwa amemwambia asiingie, mambo hayo hayamhusu. Tulipotoka, baba alimsimamia mbele akamuuliza ndio kusoma gani kule alikokuwa akimfundisha mtoto, maana ameshindwa hata neno kuku. Mwanamke yule alicheka. Hakucheka kwa dharau. Alicheka kama mtu aliyesikia kosa litakalorekebishwa mara moja. Akachutama mbele yangu. Ukutani palikuwa na tangazo la kuwakataza watu kutema mate.

"Nisomee hilo, mwanangu," alisema. "Msomee babako."

Mama alikuwa amesimama na bibi kwenye ngazi, anafunga buibui lake. Hakufanya ishara yoyote. Alinitazama tu.

Nikasema sijui.

"Jana umenisomea gazeti," mama wa kambo alisema. "Habari ya karafuu. Ukanieleza na maana yake."

Nikasema sijui kusoma.

Sitaki kuueleza uso wake. Baba alimwambia, kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani, kwamba mwaka mzima amekuwa akimdanganya ndani ya nyumba yake. Alimuita msomi wa mdomo. Watu waliokuwa wakisubiri kesi zao waligeuka kutazama, na yeye akainuka, akajifuta vumbi kwenye goti, akaondoka peke yake.

Tulipoitwa tena ndani, kadhi aliamua nikae na mama, baba awe ananiona Ijumaa. Nilirudi shamba na bibi na mama, na njia nzima mama alinikalisha mapajani ingawa nilikuwa mkubwa. Siku ile nilihisi nimelipwa.

Skuli ya kijijini mama alimwambia mwalimu mkuu kwamba mtoto hajui kusoma hata kidogo, na kwamba hata kadhi ameona. Kwa hiyo, darasa la tatu. Mwalimu wa darasa hilo alikuwa mgeni pale, na alikuwa na desturi ya kuwagawa watoto siku ya kwanza. Waliojua kusoma walikaa mbele kwenye madawati. Wasiojua walikaa nyuma, sakafuni, karibu na mlango, na jina lao lilikuwa mawe. Alilitumia bila ya hasira, kama mtu anavyoita kuku kuku. "Mawe, nyamazeni." "Mawe, mkafagie." Alieleza kwamba mpandaji hamwagilii mawe maji, hata akiwa na huruma vipi.

Ningeweza kuinua mkono siku ile ile. Lakini mama alinionya nisionyeshe najua, kwa sababu baba akisikia atarudi kwa kadhi aseme tumemchezea, na safari hiyo watanichukua moja kwa moja. Kwa hiyo nilikaa na mawe, nikiyasoma ya ubaoni kimyakimya na kuandika upuuzi kwenye daftari. Sisi tuliokaa nyuma tulikuwa wa kila namna. Mmoja alikuwa na masikio yanayotoka usaha. Mmoja baba yake alimlaza chini kwa kipigo karibu kila siku, akaja skuli kupumzika. Mmoja hakuwa na kasoro yoyote ila alikuwa hajawahi kuulizwa. Mwalimu hakujua hata moja kati ya hayo, na hakuwa mtu mvivu. Alisahihisha madaftari ya watoto wa mbele mpaka jua kuzama.

Kabla mwaka haujaisha siku moja nilirudi kutoka chuo nikakuta mkeka wa mama umekunjwa na mkoba wake haupo. Bibi alikuwa nje anaanika mwani. Aliniambia mama amekwenda Maskati kufanya kazi kwenye nyumba ya watu, na kwamba mipango hiyo ilikuwa ya muda mrefu. Nilimuuliza muda mrefu tangu lini. Akasema tangu kabla ya kadhi.

Nilimuuliza bibi, basi kwa nini alinichukua. Bibi hakuwa mtu wa kuzungushia maneno, wala hakuwa mkatili. Alikuwa amechoka tu.

"Hakukutaka wewe," alisema. "Alitaka babako akukose."

Akaendelea kutandaza mwani.

Asubuhi iliyofuata nilikwenda skuli nikainua mkono. Mwalimu alikuwa ameuliza nani atasoma kisa kilichoko ubaoni. Aliniona, akaniambia nishushe mkono, nisiwapotezee wenzangu wakati. Nikaushikilia juu. Siku ya tatu ya kuushikilia juu alichoka akaniruhusu, na nikasimama nikasoma kisa chote kuanzia juu hadi chini, bila ya kusita, kwa sauti niliyofundishwa ukumbini Amani. Mwalimu aliuangalia ubao, akaniangalia mimi. Kisha akasema nimekariri kwa kuwasikia wenzangu. Nikasema sikukariri. Akasema kwamba mwaka mzima sikujua herufi, na leo nimeamka msomi, kwa hiyo mimi ni mwongo au ni mchawi. Darasa likacheka, na mawe wenzangu ndio waliocheka zaidi. Alinichapa bakora za mikononi kwa uongo, akanirudisha sakafuni.

Nilijaribu tena mara kadhaa, kisha nikaacha. Baba alisikia mama kaondoka, lakini hakuja kunichukua; hapakuwa tena na wa kushindana naye. Kulikuwa na kazi ya mwani pia. Bahari haifuati ratiba ya skuli, na siku za bamvua, maji yanapotoka mbali asubuhi, bibi hakuwa na mtu mwengine wa kumsaidia kufunga kamba. Kila mwezi nilikosa siku hizo, na kila niliporudi nilikuta somo limesogea. Mwanzo nilijua ninachokikosa. Baadaye sikujua. Sikumbuki ni lini hasa niliacha kujifanya. Najua tu kwamba siku moja nilitazama ubao na ukungu ukaja wenyewe, bila ya mimi kuuita.

Mtihani wa mwisho niliufanya, lakini nilivuka darasa la tatu kwa sababu umri wangu ulikuwa umewaaibisha. Darasa la tano, hesabu na sayansi zilipogeuka Kiingereza, nilikuwa mrefu kuliko mwalimu. Kidato cha pili ndipo nilipofeli mtihani kwa mara ya kwanza maishani mwangu, kufeli kwa haki, na nilishangaa nilivyopata nafuu. Nilikuja mjini kutafuta kazi. Sasa niko Mji Mkongwe, kwenye chumba cha kufulia cha hoteli moja, na nilipokuwa na watoto wawili nilijiandikisha masomo ya watu wazima nikaufanya mtihani wa kidato cha nne, nikafaulu kwa kiasi chake. Baba alipopewa habari alisema angalau. Mama nilimpigia. Alikuwa bado Maskati, na simu ilikatika.

Miaka michache iliyopita nilikuwa Darajani nanunua samaki, mwanamke akaniita mwanangu nyuma ya mgongo wangu. Nilimjua kwa sauti, ni mama wa kambo. Baba alikuwa amemwacha hata mwaka haujapita tangu siku ya kadhi. Tuliamkiana, tukaulizana watoto. Kisha akasema ana neno moja amekaa nalo, na hataki ugomvi, anataka kujua tu.

"Siku ile," alisema, "ulikuwa unajua au hujui?"

Nilimwambia nilikuwa najua.

Akaweka kikapu chini. Aliniuliza nani aliyeniambia nikatae, nikamtajia mama, akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyedhani hivyo. Alinieleza kwamba wakati ule alikuwa ameshaombewa nafasi ya kufundisha skuli ya watoto wadogo, na wiki ile ya kesi ndiyo aliyotakiwa kuanza. Hakwenda.

"Niliona kama mtoto niliyekaa naye mwaka mzima hawezi kusoma neno kuku, basi mimi si wa kukabidhiwa watoto wa watu. Nilidhani nilikuwa nasikia nilichotaka kusikia. Nilidhani nimeingiwa na wazimu."

Aliinua kikapu chake, akamgeukia muuzaji, akamuuliza bei ya changu.

Wiki ile nilipanda gari nikaenda shamba. Mama amesharudi, amejenga kwenye kiwanja cha bibi, nyumba ya matofali na vigae sebuleni. Nilimkuta anakuna nazi. Nilimuuliza kama anakumbuka aliyoniambia kwenye mfereji siku ya kadhi. Alisema mfereji gani. Nikamrudishia maneno yake, yote, kama alivyoyasema.

"Wewe hukuwa unajua kusoma," mama alisema. "Ungekuwa unajua, ungesoma. Kadhi mwenyewe aliona."

Nilimwambia nilikuwa najua, na kwamba nilinyamaza kwa sababu yake. Aliendelea kukuna. Akasema mtoto wa miaka kumi hakumbuki, anasimuliwa, na kwamba anajua ni nani anayenisimulia. Sikuona hasira kwake. Nilimtafuta uongo usoni kwa makini sana, na uongo haukuwamo. Alikuwa anaamini.

Jirani mpya aliingia akiomba nazi ya kuazima, mwanamke wa makamo ambaye hakunijua. Nilimuamkia, akaitikia, akauliza mimi ni nani. Mama alimwambia ni mwanawe, anayefanya kazi mjini.

"Huyu kichwa hakujaaliwa," aliongeza kwa upole, akinitazama kwa mapenzi kabisa, "lakini mikono anayo. Hachoki."

Jirani akasema mikono ndiyo inayolisha, vichwa viko wapi siku hizi. Wakacheka pamoja. Mama akaniambia nikaweke maji ya chai, na nikaenda kuyaweka.